Kitabu cha Kiswahili kwa asiyeweza kusoma chapa: mwongozo kamili wa kukitengeneza Tanga na kukifikisha popote

Kwa Kiingereza hali si mbaya kama zamani. Mwanafunzi asiyeona wa hapa Tanga, akiwa na simu janja na uanachama wa Bookshare, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002, anaweza kupakua tamthilia ya Shakespeare kabla chai yake haijapoa. Maktaba hiyo ina vitabu zaidi ya milioni moja. Lakini ile riwaya ya Kiswahili ambayo wenzake wanaijadili darasani siku hiyohiyo hana, na hakuna mtu wa California atakayekaa kumtengenezea. Hiyo ni kazi yetu sisi tunaokisema Kiswahili.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mkutubi, kikundi cha vijana, au yeyote mwenye kitabu cha karatasi mkononi anayetaka kimfikie mtu asiyeweza kukisoma kilivyo. Nimeuandika nikitazama mazingira ya Tanga: kompyuta moja ya watu wengi, umeme wa kukatika, bando la kupimwa. Programu karibu zote ninazozitaja ni za bure. Pesa itakutoka kwenye karatasi, na kwenye breli, yaani nukta nundu, ikiwa utafika huko.

Nani hasa anahitaji

Wengi wakisikia habari hii wanafikiria fimbo nyeupe tu. Orodha ni ndefu zaidi. Yumo asiyeona kabisa. Yumo mwenye uoni hafifu, wakiwemo watu wengi wenye ualbino. Yumo mwenye disleksia, ambaye macho yake ni mazima ila herufi hazimtulii. Na yumo aliyepooza mikono, au ambaye mikono inatetemeka kiasi kwamba hawezi kushika kitabu wala kufunua kurasa. Mkataba wa Marrakesh, ambao tutauona sasa hivi, unawahesabu wote hao. Mzee ambaye angesoma vizuri tu akipata miwani hahesabiwi. Huyo mpeleke Hospitali ya Bombo akapimwe macho.

Hapa kwetu wasomaji hawatafutwi kwa tochi. Shule ya Msingi Pongwe ina wanafunzi wasioona na wenye ualbino, na Irente kule Lushoto kuna shule ya wasioona. Anza kwa kwenda kuuliza, kabla hujagusa skana. Uliza kitabu gani kinakosekana, na watoto wanasoma kwa njia ipi. Kama wanasoma breli, usiwapelekee rundo la MP3 ukarudi nyumbani umeridhika. Mtoto anayejifunza tahajia anahitaji herufi chini ya vidole vyake. Kama aliyepoteza uwezo wa kuona ni mtu mzima wa miaka 60, mambo yanageuka: huyo breli itamchukua muda mrefu kuizoea, na sauti itamfaa kuanzia leo jioni.

Sheria, kabla ya skana

Kunakili kitabu cha mtu bila ruhusa ni kuvunja hakimiliki, hata kama nia yako ni njema. Njia halali imefunguliwa na Mkataba wa Marrakesh, ulio chini ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO. Ulipitishwa Juni 2013 nchini Moroko, ukaanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016 baada ya nchi 20 kuuridhia, na Tanzania ikajiunga mwaka 2020. Kenya na Uganda nazo zimo.

Mkataba una nguzo mbili. Ya kwanza inazitaka nchi wanachama ziweke kwenye sheria zao ruhusa ya kutengeneza nakala inayosomeka na walengwa bila kumwomba mwenye haki. Ya pili ndiyo iliyoleta mageuzi: nakala hiyo inaruhusiwa kuvuka mpaka. Zamani kitabu kimoja kilitengenezwa upya katika kila nchi, kwa gharama ileile, kwa sababu sheria ilikuwa inaishia forodhani. Sasa kilichotengenezwa Tanga kinaweza kusomwa Mombasa, Kampala, au na Mswahili asiyeona anayeishi Uingereza. Filamu hazimo. Vitabu, majarida, noti za muziki na vitabu vya sauti vimo.

Anayepewa nafasi hiyo ni taasisi ya serikali au isiyotafuta faida inayowahudumia walengwa kwa elimu au habari: shule, maktaba, chama. Mlengwa mwenyewe, au mtu anayemsaidia kama mzazi, anaweza kujitengenezea nakala ya matumizi yake binafsi. Ukitaka kusambaza, ingia chini ya mwavuli wa taasisi. Kwa Tanga ningefikiria maktaba ya mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, au shule yenyewe, au Chama cha Wasioona Tanzania. Taasisi iandike barua kwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ieleze itakachofanya na kwa nani, na ipate jibu la maandishi, kwa sababu mkataba hutekelezwa kupitia sheria ya nchi, na barua yenye mhuri itakuokoa siku mchapishaji atakapopiga simu kwa hasira.

Taasisi hiyo ina wajibu nne: kuhakikisha anayepewa nakala ni mlengwa kweli, kumpa mlengwa tu, kuzuia nakala zisirudufiwe ovyo, na kutunza kumbukumbu za nakala zilivyotumika bila kuanika faragha ya watu. Daftari moja linatosha kuanzia. Andika jina la kitabu, aina ya nakala, tarehe, na namba ya msomaji badala ya jina lake.

Kuna vitabu ambavyo havihitaji yote haya. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapahapa Tanga, alifariki mwaka 1962. Hesabu ya 50 ilikwisha mwishoni mwa 2012. Hata hivyo kuwa mwangalifu na toleo unaloskani. Dibaji, maelezo na michoro iliyoongezwa na watu wengine ina haki zake yenyewe, na nchi nyingine zinahesabu miaka 70.

Omba faili kwa mchapishaji

Kitabu chochote kilichochapishwa miaka ya karibuni kilipita kwenye kompyuta. Faili lipo mahali. Ukilipata, umeokoa wiki nzima za kuskani na kusahihisha. Kwa hiyo hata pale sheria inapokuruhusu usiombe, omba. Andika barua fupi: sisi ni nani, kitabu kipi, wasomaji wangapi, na kwamba hakitatoka nje ya walengwa. Omba Word au EPUB, faili la kitabu cha kielektroniki, kwanza. PDF ya mwisho ya kiwandani inafaa pia, mradi maandishi yake yanaweza kuchaguliwa kwa kipanya na kunakiliwa. Ile PDF ambayo kila ukurasa ni picha ni karatasi ileile iliyovalishwa kanzu. Programu ya kusoma skrini ikiifungua inanyamaza.

Wachapishaji wengine watasita, wakihofia kitabu kuzagaa WhatsApp. Wasikilize, maana hofu yao ina msingi. Waoneshe daftari na utaratibu wenu. Waambie pia kwamba tangu tarehe 28 Juni 2025 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vitabu vya kielektroniki vinavyouzwa huko viweze kusomwa na watu wenye ulemavu, kwa hiyo mchapishaji anayewaza kuuza vitabu vya Kiswahili Ulaya atalazimika kujifunza kazi hii mwenyewe siku si nyingi.

Kuskani

Faili likikosekana, skani. Skana bapa ya steshenari yoyote ya Ngamiani inatosha. Weka 300 dpi, na 400 kama herufi ni ndogo au karatasi imefifia. Chagua kijivu, usichague rangi. Nyuma ya ukurasa weka kadi nyeusi ili maandishi ya upande wa pili yasijitokeze. Vitabu vya karatasi nyepesi ndivyo vinavyosumbua zaidi. Vitabu vyetu vya pwani vina ugonjwa wao mwingine, unyevu: kurasa zimevimba, na madoa ya ukungu kompyuta inayasoma kuwa nukta na mikato. Futa taratibu kwa brashi kavu kabla ya kuskani. Kama unatumia simu, kaa karibu na dirisha, zima flashi ya kamera, na utumie programu ya kuskani badala ya picha ya kawaida, ili ukurasa unyooke.

Kisha picha zigeuzwe maandishi. Programu ya Tesseract ni ya bure na inakijua Kiswahili. Uichague lugha hiyo kwa alama yake, swa. Ukiiacha kwenye Kiingereza itajaribu kukusahihishia maneno yasiyohitaji kusahihishwa. Google Docs nayo inaweza kufungua picha au PDF na kutoa maandishi, ila inakula bando.

Kusafisha, ambako ndiko kazi iliko

Hapa ndipo vikundi vingi huchoka, na hapa ndipo kitabu hupona au hufa. Anayesoma kwa macho huruka kosa bila kulihisi. Anayesoma kwa sikio hukwama, hurudi nyuma, husikiliza tena, na baada ya makosa kumi ukurasa mmoja anafunga kitabu.

Kiswahili kina zawadi moja kwa msahihishaji: karibu kila neno letu linaishia na irabu. Kwa hiyo neno lolote linaloishia na konsonanti ni la kutiliwa shaka. Kwenye Word fungua kutafuta, washa matumizi ya alama za jumla (Use wildcards), na uandike [bcdfghjklmnpqrstvwxyz]> ili ikuoneshe kila neno la namna hiyo. Utakutana na majina ya watu, Dar es Salaam, na maneno ya kigeni, yaache yapite. Mengine yote ni makosa: "kitab", "watn", "nyumb".

Halafu tafuta jozi ambazo Kiswahili hakina. Hakuna neno letu linaloanza na "ll", lakini kompyuta huigeuza "Ilikuwa" kuwa "llikuwa", na kwa herufi nyingi za kwenye skrini huwezi kuona tofauti hata ukikodoa macho. Msomaji wa sauti anaisikia mara moja. Tafuta "rn", kwa kuwa mara nyingi ni "m" iliyopasuka: "marnbo", "rnama". Tafuta "vv" iliyotoka kwenye "w", na "cl" iliyotoka kwenye "d". Badilisha moja moja huku ukitazama. Ukibonyeza badilisha zote utalia.

Kisha king'ong'o. Alama ya ng' ndiyo inayoteseka kuliko zote. Mara inapotea kabisa, "ngombe". Mara inageuka alama ya kufungulia nukuu, na programu ya sauti inalikata neno vipande viwili, "ng" kisha "ombe". Amua alama moja kwa kitabu kizima na utafute zote nyingine ugeuze. Zile zilizopotea hakuna njia ya mkato: andaa orodha ya maneno ya kawaida, ng'ambo, ng'oa, ng'aa, ng'ara, nung'unika, na uyapitie.

Vunja vistari vya mwisho wa mstari, "wali-" na "pofika" viungane. Ondoa kichwa cha kitabu kilichojirudia juu ya kila ukurasa, la sivyo kitasomwa katikati ya sentensi ya mapenzi au ya msiba. Mimi hufanya hivi mwanzo kabisa, kwa sababu kinarahisisha mengine yote.

Mashairi yanastahili aya yake, na mtu wa Tanga hatanilaumu. Shairi la mizani 16 huchapishwa mara nyingi likiwa na pengo katikati, ukwapi kushoto na utao kulia. Kompyuta inaona safu mbili. Inasoma ukwapi wa mishororo yote minne, kisha utao wa mishororo yote minne, na unachopata ni ubeti uliochanganyikana usio na kichwa wala miguu. Rudisha kila mshororo kwenye mstari wake mmoja, tia mkato pale ukwapi unapoishia, acha mstari mtupu kati ya ubeti na ubeti, na uandike namba ya ubeti. Baada ya hapo soma kwa sauti. Vina vya kati na vya mwisho vikigongana sawasawa, umelipatia. Kikikosekana kimoja, kosa liko katika mshororo huohuo.

Gawa kazi. Watu watano, kila mmoja sura mbili, kisha mbadilishane ili jicho jipya lipitie. Mpeni mtu mmoja tu mamlaka ya faili kuu, maana watano wakilishika kwa pamoja mtaishia na matoleo saba na hakuna anayejua lipi ni lipi.

Muundo: vichwa, kurasa, picha, lugha

Maandishi safi yasiyo na muundo yanamlazimisha msomaji asikilize kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Kila sura ipewe mtindo wa kichwa, ule ulioandikwa Heading 1 kwenye Word. Vijisehemu vipewe Heading 2. Kukoleza maandishi na kuyakuza hakutoshi, kwa sababu kompyuta haijui kwamba herufi nene maana yake ni sura mpya. Vichwa vikikaa sawa, msomaji anaruka kutoka sura hadi sura kwa kidole kimoja.

Hifadhi namba za kurasa za kitabu cha karatasi. Mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa 57", mtoto asiyeona naye anastahili kufika 57 pamoja na wenzake.

Picha ziandikiwe maelezo mafupi. Chukua kitabu cha darasani chenye picha ya mkonge ukichakatwa. "Picha ya kiwanda" haimsaidii mtu. Andika: "Mfanyakazi anaingiza majani ya mkonge kwenye mashine, upande wa pili zinatoka nyuzi nyeupe, na mwenzake anazianika juani kwenye kamba." Kama chini kuna swali, "Taja kazi mbili unazoziona pichani", eleza kinachoonekana bila kutoa jibu lililokwisha kupangwa, vinginevyo umemfanyia mtihani. Mapambo, maua ya pembeni ya ukurasa na nembo, yaache bila maelezo na uyawekee alama kuwa ni mapambo. Jedwali libaki jedwali halisi lenye safu ya vichwa, lisipigwe picha.

Mwisho weka lugha. Chagua maandishi yote, weka Kiswahili, na penye nukuu ya Kiingereza au Kiarabu weka lugha yake. Faili lililoachwa kwenye Kiingereza husomwa na sauti ya Kiingereza, na paka wa kwenye hadithi anaitwa "peika" hadi kitabu kinaisha.

Matoleo

Ukishakuwa na faili la Word lililonyooka, hilo ndilo faili mama. Mengine yote yanazaliwa humo.

EPUB ndiyo ya kwanza kutoa. WordToEPUB, programu ya bure ya Muungano wa DAISY, inaligeuza faili kwa mibofyo michache. Likague kwa Ace, ambayo nayo ni ya DAISY, na ulifungue kwenye Thorium, programu ya kusomea EPUB, usikilize. Uzito wake ni mdogo sana: riwaya isiyo na picha haifiki hata megabaiti moja, hivyo inapita kwa bando lolote. Msomaji wa Android anaisikiliza kwa TalkBack, programu ya kusoma skrini ya simu hizo. Kwenye kompyuta ya Windows, programu ya kusoma skrini ya NVDA ni ya bure na inakuja na sauti ya Kiswahili ya eSpeak. Sauti hiyo ni ya kimashine kweli, lakini mzoefu anaiongeza kasi hadi wewe unayesikia unabaki mdomo wazi. Anayetaka sauti laini zaidi na ana intaneti atumie kusoma kwa sauti kwenye kivinjari cha Edge, ambako kuna sauti mbili za Kitanzania, Rehema na Daudi.

Sauti ya mtu ni kazi nyingine kabisa. Riwaya ya maneno 60,000 itakupa kama saa nane za kusikiliza, na kila saa moja iliyokamilika hula saa kadhaa za kurekodi na kukata. Kwa MP3 ya 64 kbps, upande mmoja, saa moja ni kama megabaiti 29, yaani kitabu kizima ni zaidi ya 230. Hiyo huipeleki kwa bando. Unaiweka kwenye memori kadi. Rekodi kwa programu ya Audacity. Chagua chumba chenye godoro, mapazia mazito na nguo nyingi, zima feni na friji, na urekodi usiku, kunguru wakishalala na bodaboda zikipungua. Wakati wa masika chini ya bati usijisumbue. Kila sura iwe faili lake, na mwanzoni sema jina la kitabu, mwandishi, msomaji na sura. Soma kwa utulivu wa kawaida. Kuna wazee watakaokwambia, "Mwanangu, punguza maigizo, niachie mwenyewe nimuone huyo mtu," nao wana haki.

Ushauri wangu: usirekodi kitabu cha kiada cha hesabu wala sayansi. Kirekodi cha hadithi, wasifu, na mashairi, ambavyo sauti ya mtu inaviongezea utamu.

Breli inahitaji mtu anayeijua. Programu kama BrailleBlaster itageuza faili kuwa nukta nundu, lakini usichapishe hata ukurasa mmoja kabla hujamuuliza mwalimu wa shule husika wanatumia Kiswahili cha breli cha namna gani, kamili au chenye vifupisho, na kabla msomaji wa breli hajapitia kurasa za mwanzo kwa vidole. Breli inakula nafasi. Karatasi ni nzito, herufi ni kubwa, na maneno yetu ni marefu. Riwaya moja ya kubeba mkononi itakuwa majuzuu kadhaa ya kubeba kwa begi. Kwa hiyo chapa vile vinavyotumika kila siku darasani, na vingine vibaki faili kwa mwenye kifaa cha breli cha kielektroniki. Unapotuma kwa posta, uliza dirishani kuhusu vifurushi vya wasioona kabla ya kulipa. Kanuni za Umoja wa Posta Duniani zimekuwa zikivisamehe ada za kawaida.

Maandishi makubwa ndiyo matoleo rahisi kuliko yote na ndiyo yanayosahaulika. Herufi za ukubwa wa 18 au zaidi, zisizo na vijimkia, mstari umeanzia kushoto na kuachwa huru kulia, nafasi ya kutosha kati ya mistari. Karatasi isiwe ya kung'aa. Mtoto mwenye ualbino anaumizwa na mng'ao, na karatasi ya rangi ya krimu isiyo na mng'ao humfaa zaidi ya nyeupe kabisa. Usikuze kwa mashine ya fotokopi hadi A3: herufi zinakuwa na ukungu na kitabu kinakuwa mkeka usiotosha kwenye dawati.

Mpe msomaji kabla hujasambaza

Tafuta wasomaji watatu: mmoja wa simu, mmoja wa breli, mmoja mwenye uoni hafifu. Usiwaulize kama kitabu ni kizuri, maana kwa adabu zetu watakwambia "kizuri sana, ahsante". Wape kazi. Nenda sura ya nne. Tafuta ukurasa wa 57. Nisomee ubeti wa pili. Niambie picha ya tatu inaonesha nini. Kaa kimya utazame wanapokwama. Na walipwe nauli na muda wao, kwani huo ni ukaguzi wa kitaalamu kama ukaguzi mwingine.

Kukifikisha Tanga, kisha duniani

Kwa wa karibu, memori kadi na flashi zinashinda intaneti. Mkabidhi mwalimu au mlengwa mwenyewe na uandike kwenye daftari. Kundi la WhatsApp la watu 300 usilipelekee, hata kama 10 kati yao hawaoni. Hapo umeshatoka nje ya sheria, na umempa yule mchapishaji mwenye wasiwasi sababu ya kukunyima faili lijalo.

Kwa wa mbali, njia kuu ni Muungano wa Vitabu Vinavyofikika, ABC, unaoongozwa na WIPO tangu mwaka 2014. Una orodha ya pamoja ya vitabu zaidi ya milioni moja katika lugha nyingi, na taasisi zilizoidhinishwa hubadilishana humo bila malipo. Taasisi yenu ikishakubaliwa, mnaweza kuingiza vitabu vyenu na kuagiza vya wengine kwa ajili ya wasomaji wa hapa. Kabla ya kusubiri hilo, tafuteni humo vitabu vya Kiswahili ambavyo vimekwisha kutengenezwa, ili msirudie kazi ya mtu. Bookshare nayo hupokea wasomaji mmojammoja wa nchi nyingi. Wanadai uthibitisho wa ulemavu, na ada hutofautiana kwa nchi.

Kitabu kisichoelezwa hakipatikani hata kikiwa ndani ya orodha. Jaza taarifa zote: jina kamili kama lilivyo kwenye jalada, mwandishi, mchapishaji, mwaka wa toleo lililoskaniwa, ISBN kama ipo, lugha (hapa alama yake ni sw), aina ya nakala, kama namba za kurasa zimehifadhiwa, kama picha zina maelezo, na jina la taasisi iliyotengeneza. Jina la faili liwe bila nafasi wala alama za ajabu: jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka. Faili mama la Word litunzwe sehemu mbili tofauti, moja nje ya jengo, kwa sababu mwakani msomaji mmoja ataandika kwamba sura ya sita ina "llikuwa" iliyowaponyoka, na itabidi mrekebishe humo, mtoe matoleo yote upya, na mbadilishe lile lililopo ABC.